Upasuaji wa kupunguza uzito: kufungua tumbo au matundu madogo, ipi salama zaidi?

"Shikamoo dokta. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 43, kilo 120, urefu sentimita 160. Nina sukari mwaka wa sita sasa, nina presha, na usiku nakoroma mpaka mume wangu anahamia sebuleni. Watoto wote nilijifungua kwa oparesheni. Nimeamua kufanya upasuaji wa kupunguza uzito, ile ya baipasi. Daktari wa kwanza anasema atanifungua tumbo, bei yake nafuu, na kasema ndo salama zaidi kwa kuwa anaona kwa macho yake na anashika kwa mkono wake. Wa pili anafanya kwa matundu na kamera, bei iko juu sana. Shoga yangu kaniambia niachane na ya matundu maana daktari anabahatisha, alafu ile gesi wanayojaza tumboni inaweza kulipuka au ikabaki mwilini. Pia nasikia ukiona wameanza na matundu wakamalizia kwa kufungua ujue wameshaharibu. Naomba ukweli, ipi itanirudisha nyumbani kwa wanangu?"

Marahaba dada yangu, na pole kwa mawazo hayo yote. Nimesoma ujumbe wako mara mbili na nimeona hofu yako sio kovu wala maumivu, unachoogopa ni kuingia chumba cha upasuaji usitoke. Kwa iyo sikuzungushi. Kwa mwanamke wa miaka yako, kwa uzito huo na magonjwa hayo, baipasi ya matundu madogo kwa kawaida ni salama zaidi kuliko ya kufungua tumbo. Ila kuna sharti, anayeifanya awe ameizoea na awe na timu iliyoizoea. Sharti hilo likikosekana hesabu inabadilika kabisa, na ntakueleza kwa nini.

Kwanza nikutoe kwenye kitu ambacho watu wengi wanakichanganya. Wanadhani hizi ni oparesheni mbili tofauti, kumbe ndani ya tumbo kinachofanyika ni kilekile. Tumbo la chakula linakatwa, kinabaki kifuko kidogo juu ambacho kinaingia kama vijiko viwili vikubwa vya maji, alafu utumbo mwembamba unakatwa, ncha moja inapandishwa na kuungwa kwenye kile kifuko, na ncha ya pili inaungwa chini zaidi kwenye utumbo. Maungio mawili. Hayo maungio ndo roho ya oparesheni nzima, yakivuja ni hatari kubwa, na yanaweza kuvuja umefunguliwa tumbo au umetobolewa matundu. Kinachotofautiana ni njia ya kufika pale. Sasa njia tu inaleta tofauti gani? Inaleta kubwa, ngoja nikuoneshe.

Mimi nimefanya zote mbili. Ukimfungua mtu wa kilo 120 kisu kinaanzia chini ya kidari kinashuka mpaka karibu na kitovu, ukishapita ngozi unakutana na mafuta, na kwa wengine unene wake unakaribia upana wa kiganja changu. Mafuta hayana damu nyingi kama nyama. Damu ikiwa kidogo, askari wa mwili wanaopambana na vijidudu wanafika wachache, na dawa tunayokuchoma kuzuia maambukizi nayo inafika kidogo, alafu kwako ongeza sukari ambayo yenyewe inachelewesha kidonda kupona. Ndo maana vidonda virefu kwa watu wanene vinatunga usaha sana. Na hata kikipona, ule ukuta wa tumbo ulioshonwa unabeba uzito mkubwa kila ukikohoa, kila ukiinuka kitandani, nyuzi zinavutwa, na miezi au miaka baadae unaona uvimbe unatokeza kwenye kovu. Hiyo ni ngiri ya kovu, na mara nyingi inakurudisha mezani kwa oparesheni nyingine.

Kidonda ni nusu ya habari, nusu nyingine ni mapafu, na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu ya huko kukoroma kwako. Kidonda kirefu cha juu ya kitovu kinauma kila unapovuta pumzi. Mgonjwa bila kujijua anaanza kupumua juujuu, hataki kukohoa, hataki kuinuka, analala chali siku nzima ameshika mto juu ya tumbo. Sehemu za chini za mapafu zinajikunja, makohozi yanakaa, siku ya tatu una homa ya nimonia. Na miguu ikilala tu damu inaganda kwenye mishipa ya mapajani, bonge likikatika linapanda mpaka kwenye mapafu, na hicho ni kati ya vitu vinavyoua watu baada ya upasuaji huu kwa staili zote mbili. Mgonjwa wa matundu jioni ileile nesi anamwinua, anaenda chooni kwa miguu yake huku amebeba dripu. Ile safari ya chooni watu wanaidharau, mimi nikiiona nashusha pumzi.

Tuje kwenye takwimu maana naona unapenda kuelewa. California waliwahi kupanga wagonjwa 155 wa baipasi kwa bahati nasibu, nusu wafunguliwe na nusu wafanyiwe kwa matundu, matokeo yakachapishwa 2001. Kuvuja kwa maungio kulilingana pande zote mbili, asilimia 1.3. Ila vidonda vilivyopata maambukizi vilikuwa asilimia 10.5 kwa waliofunguliwa na 1.3 kwa wa matundu, na ngiri ya kovu asilimia 7.9 kwa sifuri. Uzito uliopungua baada ya mwaka ulikaribiana. Kwa maana hiyo ukilipa hela nyingi kwa matundu hununui kupungua zaidi, unanunua tumbo lisilo na kidonda kirefu.

Kuna utafiti mwingine mkubwa wa Marekani uliotoka 2009, ulifuatilia watu 4,776 siku 30 za kwanza. Waliofanya baipasi ya kufungua walifariki asilimia 2.1, wa matundu asilimia 0.2. Yaani wawili katika mia kwa wawili katika elfu. Nimeona watu wanaitumia hii namba kutisha wenzao na sipendi, kwa sababu wale hawakupangwa kwa bahati nasibu. Waliofunguliwa wengi walikuwa wazito zaidi na wagonjwa zaidi, ndo maana madaktari wao waliamua kuwafungua. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na ugonjwa aliokuja nao mtu na sio kisu. Na utafiti huohuo ulionesha waliokuwa hatarini zaidi ni wenye historia ya damu kuganda, wanaobanwa pumzi usingizini, na wasioweza kutembea vizuri. Hiyo ya pili inaweza kuwa wewe, ntairudia.

Na kwa haki kabisa nikwambie, kufungua tumbo sio hukumu ya kifo. Baipasi yenyewe ilianza kwa kufungua, 1966 huko Iowa Marekani, kwa mikono ya Edward Mason na mwenzake Chikashi Ito, na ya kwanza ya matundu ilikuja kufanywa 1993 San Diego. Miaka karibu thelathini watu wote walifunguliwa. Sweden walifuatilia wagonjwa 2,010 waliopasuliwa kupunguza uzito kuanzia 1987, wengi wao wakafunguliwa tumbo, na waliofariki ndani ya siku 90 walikuwa 5. Watano kwa elfu mbili. Kwa iyo daktari wako wa kwanza sio muuaji na sitaki umwone hivyo. Nachobishana nae ni ile sababu aliyokupa.

Kasema anaona kwa macho yake. Kushika kwa mkono ni kweli, hilo kwenye matundu tunalipoteza, huwezi kupapasa utumbo kwa vidole. Ila kuona? Pale kifuko kinapokatwa ni juu kabisa kushoto, jirani na bandama, kumejificha chini ya mbavu. Kwa mtu mnene nikimfungua wasaidizi wawili wanavuta ukuta wa tumbo kwa vyuma mpaka jasho linawatoka, mimi nainamisha kichwa, nahamisha taa, na bado ile kona naiona nusu. Ni kama kuchungulia kisima, mwanga unaishia ukingoni. Kamera inaingia ndani ya kisima chenyewe na taa yake, na picha inakuzwa, mshipa wa damu mwembamba kama uzi naouona kwenye skrini umekuwa mnene kama kamba ya kiatu. Kwa hiyo shoga yako alivyokwambia daktari wa matundu anabahatisha, mwambie kwenye ile kona kamera inaona vizuri kuliko jicho.

Gesi sasa. Tunayotumia ni kaboni dayoksaidi, ileile inayotoa mapovu kwenye soda, na ileile iliyomo kwenye baadhi ya mitungi ya kuzimia moto. Haiwaki, na hiyo ni moja ya sababu ya kuchaguliwa maana mle ndani tunatumia vifaa vya umeme kuziba mishipa. Mwishoni tunaitoa, ile inayobaki inanyonywa na damu unaitoa kwa kupumua, hata sasa hivi unasoma hapa unaitoa. Unaweza kuumwa bega siku moja au chache, usishtuke, ni kwa sababu kile kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo kimewashwa na mshipa wake wa fahamu unatokea shingoni, ubongo unadhani bega ndo linauma.

Ila gesi ina ubaya wake wa kweli ambao shoga yako hakuutaja. Ikijazwa inasukuma kiwambo juu, mapafu yanapata nafasi ndogo, damu ya miguuni inarudi kwa shida, na sehemu ya gesi inaingia kwenye damu, moyo unafanya kazi ya ziada. Kwa moyo na mapafu ya kawaida daktari wa usingizi anaimudu, anabadilisha mipigo ya mashine na mambo yanaenda. Kwa mwenye moyo uliochoka sana au mapafu mabovu inabidi tukae chini tuongee, na wengine hao hatuwapasui kabisa kwa njia yoyote mpaka watibiwe kwanza.

Na ubaya wa matundu hauishii kwenye gesi, nisikufiche. Kwenye ule utafiti wa California ungio la juu kusinyaa, chakula kikawa hakipiti vizuri, ilikuwa asilimia 11.4 kwa matundu na 2.6 kwa kufungua. Mara nyingi linatanuliwa kwa puto kupitia mdomoni bila kupasuliwa tena, ila usumbufu wake ni mkubwa, mtu anatapika wiki nzima. Alafu kuna utumbo kunasa ndani. Ukipandisha utumbo kuunga kwenye kifuko unaacha mianya kwenye utando unaoushikilia, na kwa sababu matundu hayaachi ndani makovu mengi ya kugandisha vitu, utumbo unabaki huru na unaweza kupenya kwenye mwanya ukajisonga, miezi au hata miaka baadae ambapo umeshapungua na mafuta ya kuziba hakuna. Sweden walijaribu kwa wagonjwa 2,507 na wakatoa matokeo 2016, waliozibwa mianya walirudishwa mezani kwa utumbo kuziba asilimia 5.5 ndani ya miaka mitatu, wasiozibwa 10.2. Muulize daktari wako wa pili kama anaziba mianya. Asipojua unaongelea nini, ondoka.

Kuhusu kuanza na matundu kisha kufungua, hapa naomba ubadilishe kabisa unavyofikiri. Unaweza kuingia na kamera ukakuta ini limevimba kwa mafuta limefunika kila kitu, au utumbo umegandana, au mshipa unatoa damu na huuoni vizuri. Daktari mwenye akili anasimama, anaomba kisu, anafungua. Anayenitia hofu ni yule anayeona aibu kufungua. Na ndo maana wa matundu lazima awe anajua na kufungua, muulize hilo pia. Oparesheni zako za uzazi zisikutie wasiwasi sana, yale makovu yako chini nyongani na sisi tunafanya kazi juu ya kitovu, mara nyingi hayazuii matundu. Ingekuwa umeshapasuliwa sehemu ya juu mara kadhaa, au una ngiri kubwa, au hii ni oparesheni ya marudio, hapo ningeelewa mtu akipendekeza kufungua.

Sasa lile sharti. Michigan huko Marekani waliwaomba madaktari 20 wa upasuaji huu watume video wakifanya baipasi ya matundu, wenzao wakawapa maksi bila kujua ni nani, matokeo yakatoka 2013. Wagonjwa wa waliopata maksi za chini walipata madhara asilimia 14.5, wa waliopata maksi za juu asilimia 5.2. Wote matundu, wote oparesheni ileile! Mikono tu. Ukiniambia nichague kati ya daktari aliyefungua matumbo mia tatu ya baipasi na aliyetoka kujifunza kamera juzi, mimi na ndugu yangu tunaenda kwa wa kwanza, hatufikirii mara mbili.

Kwa iyo rudi kwa wote wawili na maswali yaleyale. Baipasi ngapi umefanya mwaka huu, wewe mwenyewe sio hospitali. Wangapi walivuja, na ulifanyaje. Saa nane usiku nikibadilika nani atakuja, na ana uwezo wa kunirudisha mezani usiku uleule? ICU, yaani chumba cha wagonjwa mahututi, ipo? Mashine ya sitiskani inabeba kilo ngapi, na kitanda cha upasuaji je? Haya ya kilo hayaulizwi na yana maana, nimewahi kuona mgonjwa anahamishwa hospitali kwa ajili ya kipimo tu kwa sababu meza ya pale haikumbeba, na masaa yale yalikuwa muhimu sana kwake. Daktari mzuri hakasiriki kuulizwa. Na kwenye bei waombe wakuandikie inajumuisha nini, maana nafuu ya kufungua inaweza kuliwa na siku za ziada wodini, kusafishwa kidonda miezi miwili, na oparesheni ya ngiri mwaka unaofuata.

Kabla ya kuchagua mtu yeyote kuna kitu cha kufanya wiki hii, kapime huko kukoroma. Mume anahamia sebuleni, una presha, BMI yako (uzito ukilinganishwa na urefu) ni kama 47, uwezekano wa kubanwa pumzi usingizini ni mkubwa na nusu kaputi kwa mtu asiyejijua ana tatizo hilo ni hatari, koo linaziba baada ya kutolewa mpira wa kupumulia. Ukipewa mashine ya kupumulia usiku ukaizoea wiki kadhaa kabla, umejipunguzia hatari kuliko hata kubishana matundu au kisu. Sukari nayo ishushwe. Na wiki mbili za mwisho wakikwambia ule chakula kidogo sana cha maji maji usiibe, shabaha ni ini lisinyae ili daktari aone anapofanyia kazi.

Nikuulize na hili, baipasi umeichagua mwenyewe au ulichaguliwa? Sio kwamba ni mbaya, kwa mwenye sukari inafanya vizuri sana. Ila kuna na slivu, ambapo tumbo la chakula linapunguzwa karibu robo tatu na utumbo hauguswi, hakuna maungio, ingawa ina mstari mrefu wa stepla unaoweza kuvuja na inaweza kukuzidishia kiungulia. Na kuna sindano za kupunguza uzito za semaglutide, zinasaidia, bei yake inaendelea kila mwezi na ukiziacha, uzito mara nyingi unarudi. Ongea haya ana kwa ana na mtu atakayekupima, mimi kwa maandishi sijakushika tumbo. Ukishafanya baipasi vitamini ni za maisha, B12, madini ya chuma, kalsiamu, vitamini D, hilo nalo liingie kwenye bajeti yako.

La mwisho ni kwa yule atakayekaa na wewe nyumbani, mpe asome. Ndani ya wiki mbili baada ya oparesheni, mapigo ya moyo yakikaa juu ya 120 kwa dakika ukiwa umetulia, au una wasiwasi usioelewa unatoka wapi, tumbo au bega la kushoto linauma na linazidi badala ya kupungua, homa, pumzi inakata, mguu mmoja umevimba, unatapika hata maji, usisubiri asubuhi. Kwa watu wanene ungio likivuja tumbo linaweza lisiwe gumu kabisa, moyo kwenda mbio ndo inakuwa dalili pekee, na nimeona watu wakipewa panadol warudishwe nyumbani. Rudi palepale ulipopasuliwa, ukishindwa nenda hospitali kubwa iliyo karibu, na neno la kwanza mlangoni liwe "nimefanyiwa baipasi tarehe fulani". Na miaka mbele ukija kupata maumivu makali ya tumbo yanayokuja baada ya kula na kuachia, sema tena neno hilohilo, wasikutibu vidonda vya tumbo wakati utumbo umenasa.